Esperanza ana tamaa? Jibu kwa mama aliyesoma kitabu cha shule cha binti yake

"Shikamoo mwalimu. Tumehamia Marekani mwaka wa tatu sasa, tukitokea Kigoma. Binti yangu ana miaka 13, na shuleni wanasoma kitabu kinachoitwa The House on Mango Street. Ameambiwa aandike insha kuhusu sifa za mhusika mkuu, Esperanza. Napenda kujua anachosoma, kwa hiyo nilikichukua nikawa nakisoma usiku nikitoka zamu, kidogo kidogo, kwa Kiingereza changu hiki hiki. Nimeudhika. Huyu mtoto anaionea aibu nyumba ambayo wazazi wake wameihangaikia. Ana tamaa, ni mkaidi, hana shukrani. Binti yangu anasema sijamwelewa, eti Esperanza ni jasiri. Kinachoniuma zaidi, juzi mama wa rafiki yake alipomrudisha, binti yangu aliomba ashushwe kwenye kona, asifikishwe mlangoni petu. Je, ni kitabu kimemfundisha hivyo? Na sifa za huyu Esperanza ni zipi hasa, ili nimsaidie aandike kitu cha kweli?"

Marahaba, mama. Pole kwa kuudhika, na hongera kwa kukaa na kitabu cha mwanao usiku wakati mwili umechoka. Umeniuliza mambo mawili: insha, na ile kona. Nitaanza na kitabu, kwa sababu tukishamwona Esperanza vizuri hata kona itasemeka kwa urahisi zaidi.

Kwanza nikuwekee msingi. Kitabu kimeandikwa na Sandra Cisneros, aliyezaliwa Chicago mwaka 1954 katika familia yenye asili ya Meksiko. Kilitoka mwaka 1984, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya American Book Award. Kina sura 44 fupi fupi, nyingine hazijazi hata ukurasa. Anayesimulia ni Esperanza Cordero mwenyewe, binti wa miaka kama 12, mkubwa kwa mdogo wake Nenny na kaka zake Carlos na Kiki. Mtaa wao wa Chicago umejaa familia za Walatina, wengine kutoka Meksiko, wengine Puerto Rico, wengine wamepitia Texas. Na tafadhali mwambie binti yako asiandike kana kwamba Esperanza na Sandra ni mtu mmoja. Sandra alikuwa binti pekee kati ya watoto saba. Esperanza ana mdogo wa kike anayemfuata kila mahali, na sehemu kubwa ya tabia yake tunaiona anavyomtendea huyo mdogo.

Sasa tuje kwenye shukrani. Rudi kwenye sura ya kwanza kabisa. Kabla hajalalamika hata mara moja, Esperanza anasema nyumba hii ni yao. Hawamlipi mtu kodi, hawagawani uwanja na wapangaji wa chini, na hakuna mwenye nyumba anayegonga dari kwa fagio wakipiga kelele. Hayo ni maneno ya mtoto anayejua wazazi wake wamefika wapi. Ndipo anaongeza kwamba, hata hivyo, siyo nyumba waliyoitarajia: ni ndogo, nyekundu, matofali yanamomonyoka, mlango umevimba mpaka usukumwe kwa nguvu, bafu ni moja, na kila mtu lazima agawane chumba cha kulala na mwingine. Na nyumba waliyoitarajia ilitoka wapi? Baba yake aliitaja kila aliposhika tiketi ya bahati nasibu. Mama yake aliisimulia usiku wakati wa kuwalaza: nyeupe, ina miti, ina mabomba yanayofanya kazi, vyoo visivyopungua vitatu. Ndoto ile aliipokea kwa wazazi wake. Walipofika Mtaa wa Mango, yeye akawa ndiye aliyesema kwa sauti kwamba hii siyo.

Neno lako tamaa limenikaa kichwani tangu nisome barua yako. Wanafunzi wangu nao hulitumia wanapoandika kuhusu mhusika wa namna hii, na kila mara huwa nasita kuweka alama. Kwetu mwenye tamaa ni fisi wa hadithi, asiyeshiba. Lakini lugha hii hii inasema fulani amekata tamaa, maana yake matumaini yamemwishia. Kumbe tamaa ndiyo hiyo hiyo, inategemea umeishika upande gani. Esperanza kwa Kihispania ni matumaini. Basi binti yako akiandika kwamba Esperanza ana tamaa hatakuwa amekosea, mradi aeleze ni tamaa gani. Hataki cha mtu. Katika sura moja anasema siku akiwa na nyumba yake hatasahau alikotoka: wapita njia wasio na makazi akiwakuta wanaomba mahali, atawakaribisha walale darini, kwa kuwa anajua kukosa nyumba kulivyo. Mwenye tamaa ya fisi hafikirii kualika wageni kwenye nyumba ambayo bado hana.

Aibu ni jambo jingine, na hapa naomba tukae kidogo. Aibu haimpati mtu akiwa peke yake. Inahitaji jicho la mwingine. Kabla ya Mtaa wa Mango walikaa Mtaa wa Loomis, ghorofa ya tatu. Siku moja Esperanza anacheza nje, sista wa shuleni kwake anapita, anamuuliza anaishi wapi. Pale, anajibu akionyesha juu. Sista anarudia: unaishi pale? Basi. Hakuna tusi lolote. Lakini jinsi alivyolitamka lile "pale" ilimlazimu mtoto ageuke atazame anakoonyesha, na kwa mara ya kwanza akaiona rangi inayobanduka na zile mbao ambazo baba yake alizipigilia dirishani ili wanawe wasianguke. Fikiria, mama. Mbao zile ni upendo wa baba. Sekunde moja kabla zilikuwa hivyo. Zilipotazamwa kwa macho ya sista zikageuka ushahidi wa umaskini. Mtoto anasema alijiona si kitu.

Baadaye linatokea tena, na mara hii ni baya zaidi. Esperanza anatamani kula kantini kama watoto wengine, anambembeleza mama yake siku tatu, mama anamwandikia barua na kumfungia mkate uliotiwa wali katikati kwa kuwa nyama haikuwepo. Sista mkuu anamsimamisha dirishani na kumwonyesha majengo mabovu ambayo hata watu waliovaa matambara wanaona haya kuyaingia: ni lile kwenu? Silo. Esperanza anajua silo. Lakini anaitikia kwa kichwa, na machozi yanamtoka. Mtoto anayewadharau wazazi wake angekana haraka. Huyu ameshindwa hata kujitetea kwa jambo la kweli. Sifa hapa ni unyonge mbele ya mkubwa, na binti yako asiuruke, maana bila huo ujasiri anaoutaja hauna pa kuanzia.

Sura ya nne inahusu jina, nami huirudia kila mwaka na wanafunzi wangu. Esperanza anasema jina lake kwa Kiingereza ni matumaini, lakini kwa Kihispania ni huzuni, ni kungoja. Wasiojua Kihispania hupita hapo bila kuona kitu. Kitenzi cha Kihispania, esperar, kinabeba kutumaini na kungoja kwa pamoja. Wewe unayesema Kiswahili utalielewa haraka kuliko mwalimu wake, kwa sababu tuna neno kutazamia, na ndani ya kutazamia mna kutazama. Jina hilo alilirithi kwa mama wa bibi yake, mwanamke aliyekuwa kama farasi wa porini, asiyetaka kuolewa, mpaka mwanaume aliyekuja kuwa mumewe akamfunika gunia kichwani akambeba. Maisha yake yote yaliyobaki aliyamaliza dirishani, kiwiko kikiwa kimebeba huzuni. Kitukuu anasema jina amelirithi, lakini nafasi ile ya dirishani hataki kuirithi.

Ukishashika dirisha, kitabu kizima kinafunguka. Rafaela amefungiwa ndani na mumewe kila Jumanne anapokwenda kucheza domino, naye anateremsha mfuko kwa kamba ili watoto wamnunulie juisi ya nazi au ya papai. Kuna yule wanayemwita Mamacita, aliyeletwa na mumewe baada ya mume kufanya kazi mbili. Anakaa dirishani ghorofa ya tatu akisikiliza redio ya Kihispania na kulilia kwao, na siku mwanawe mdogo anapoanza kuimba tangazo la soda kwa Kiingereza, anavunjika kabisa. Nina hakika pale ulisimama kidogo, mama. Yuko Sally, mrembo, anayepigwa na baba yake, ambaye anaolewa kabla hata hajafika darasa la nane ili akimbie kipigo, akaangukia kwa mume asiyemruhusu hata kuchungulia nje. Ameachiwa maua yaliyochapwa kwenye zulia la plastiki, ndiyo bustani yake.

Sasa jiulize: tunawajuaje wanawake wote hawa? Kwa sababu binti wa miaka 12 anawaona. Kama ningeambiwa nimpe Esperanza sifa moja tu, ningesema anaona. Mtaa wote unapita chini ya madirisha hayo, yeye anainua macho. Na hamwoni mtu kwa kumcheka. Anamwona huku akijipima: hii nayo ndiyo itakuwa yangu? Ujasiri, ukaidi, tamaa, vyote vinatoka hapo. Mwandishi hakutuwekea orodha ya tabia za binti huyu. Ametuwekea macho yake, tukaona anachokiona na anachokiogopa, na tabia tukaipata humo. Ndiyo sababu pia sura ni fupi. Kila moja ni jicho lililotua mahali, likaondoka.

Ukaidi siukani. Kuna sura anasema ameamua kutokuwa mpole kama wale wanaoweka shingo wakisubiri mnyororo. Vita yake ameianza kimya kimya: anaondoka mezani kama mwanaume, harudishi kiti, haondoi sahani. Mimi nimelelewa kuondoa vyombo vya wakubwa kabla hawajanawa, na nakiri mara ya kwanza sura hii ilinikera kama ilivyokukera wewe. Lakini soma vizuri lile "kama mwanaume". Anatuambia kwamba nyumbani mwao kuna watu ambao kiti chao hurudishwa na wengine, na hakuna anayewaita wakaidi. Unaweza kutokubaliana na njia yake. Mimi mwenyewe ningependa sahani iondolewe, na kaka zake nao waondoe. Ila binti yako akiandika "mkaidi" akaishia hapo, ameandika kile ambacho shangazi angesema. Akiandika anamkaidi nani na kwa nini, ameandika insha.

Wala asimfanye malaika. Esperanza anamwona Nenny mzigo. Yeye na rafiki zake, Lucy na Rachel, walikuwa na mchezo wa kumwigiza shangazi yake Lupe, aliyelala kitandani miaka mingi, kipofu, mwili umemwishia. Shangazi akafa, na mtoto akabaki na jambo hilo moyoni, akiamini amezaliwa na nuksi. Shangazi huyo ndiye aliyekuwa akisikiliza mashairi yake na kumwambia aendelee kuandika, kwamba ndiko kutakakomweka huru. Ukatili na majuto katika sura moja. Halafu siku baba yake anaamka gizani, amechoka, anamwambia babu amefariki, kisha baba mtu mzima analia, na yeye, mkubwa wa watoto, anamshika baba yake na kuwaza ingekuwaje kama huyu ndiye angekufa. Mtoto asiye na shukrani hashiki baba yake hivyo.

Jambo la mwisho unalolihofia, kwamba anataka kuukimbia mtaa na watu wake. Anataka kuondoka, ndiyo. Lakini msibani, mdogo wa Lucy na Rachel alipofariki, kina bibi watatu wanamwita pembeni, wanamwangalia mikono, wanamwambia ataenda mbali, ila akiondoka akumbuke kurudi kwa ajili ya wengine ambao hawawezi kutoka kirahisi kama yeye. Alicia naye, yule anayesoma chuo kikuu kwa kupanda treni mbili na basi huku akiamka mapema kupika chapati za mahindi kwa kuwa mama yake hayupo, anamwambia utake usitake wewe ni Mtaa wa Mango, na utarudi. Esperanza anajibu harudi mpaka mtu autengeneze mtaa. Nani, meya? Esperanza anacheka. Halafu anabaki na swali: kama si meya, ni nani? Kwa kurasa zile za mwisho tamaa yake imebadilika. Mwanzoni alitaka nyumba ya kuwaonyesha watu. Mwishoni anataka nyumba tulivu ya kuandikia, na mlango wa kurudia.

Ndiyo maana kwa riwaya ya makuzi kama hii, sifa haiandikwi kama picha ya pasipoti. Shule nyingi za kwetu zimetuzoesha kuandika: mhusika ni mwenye bidii, ni mvumilivu, ni mcheshi, kila sifa na mfano mmoja, tunahesabu pointi. Kwa mhusika anayekua, sifa ina mwanzo na ina mwisho, na alama ziko katikati. Nikupe mfano mmoja wa aya, mjadiliane kwa Kiswahili kisha aiandike kwa Kiingereza chake mwenyewe: "Mwanzoni Esperanza hana nguvu ya kujisemea. Sista anapomwonyesha jengo ambalo si kwao, anaitikia huku akilia. Lakini anapokua anaanza kusema hapana kwa vitendo vidogo, kama kuacha kiti bila kukirudisha, na mwishoni anasema hapana kwa kuandika. Ujasiri wake ulizaliwa siku ile alipoaibishwa, kwa sababu aliikumbuka." Wewe umeuona unyonge, yeye ameuona ujasiri. Wote wawili mmesoma kitabu kimoja. Wewe umeshika kurasa za mbele, yeye amerukia za nyuma.

Sasa kona. Sidhani kitabu kilimfundisha. Watoto wanaohama huijua kona hiyo bila kusoma kitu, maana kila siku kuna mtu anawauliza "unaishi pale?" kwa midomo au kwa macho. Huenda kitabu kimempa jina la jambo alilokuwa nalo tayari. Unaweza kumwomba mwalimu ampe kitabu kingine, haki hiyo unayo, na wazazi wengine hufanya hivyo. Hasara yake ni kwamba atajifunza kuwa aibu yake haizungumziki nyumbani, na mwenzake pekee aliyeisema umemwondoa. Unaweza pia kunyamaza ukaacha yapite. Mimi ningechagua kusoma naye, lakini nisianze na kona. Ningeanza na sista, nimuulize tu: umewahi kuulizwa hivyo? Halafu ninyamaze, hata ukimya ukiwa mrefu. Akikwambia, usikimbilie kumhesabia kodi ya nyumba na zamu zako. Anazijua.

Na uangalie jambo moja. Karibu na mwisho kuna sura inayotokea kwenye tamasha la bembea na michezo, Esperanza akimngoja Sally karibu na vinyago vyekundu vya kuchekesha. Anadhalilishwa kimwili. Imeandikwa kwa maneno machache na yaliyokatika, ndivyo mtoto aliyeumizwa anavyosema, na msomaji wa Kiingereza cha kujifunzia anaweza kuipita bila kujua amesoma nini. Mwulize mwalimu wake wataifundishaje. Shule za umma huko zinatakiwa kumpa mzazi mkalimani bila malipo, basi usimtumie binti yako kutafsiri mazungumzo hayo. Omba mkalimani wa Kiswahili. Ukiona sura hiyo imemgusa kwa namna isiyo ya kawaida, amekataa kula, halali, hataki tena kwenda mahali fulani au kukutana na mtu fulani, hilo si suala la fasihi tena. Nenda ana kwa ana kwa mshauri wa shule au daktari wake wiki hiyo hiyo, na umwambie binti yako kwanza kwamba hujakasirika. Vivyo hivyo kama aibu ya kona imekua mpaka hataki rafiki yeyote, hataki shule, hataki kuongea Kiswahili hata na wadogo zake. Barua kama hii haitoshi hapo.

Kama hayo hayapo, fungueni sura ya pili. Ni ya nywele. Kila mtu nyumbani ana nywele zake: za baba zimesimama kama ufagio, za Esperanza hazitii kibanio. Halafu zinakuja za mama yake, zinazonukia kama mkate kabla haujaokwa, anapompisha mtoto kidogo kitandani upande wake uliobaki na joto, nje mvua, baba anakoroma. Haifiki ukurasa mmoja. Jumapili ukimsuka, mwambie akusomee kwa sauti.